Kwa nini taa za kwanza za zebaki zilibidi kuinamishwa ndipo ziwake?

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika viwanda na ofisi za New York, kulikuwa na taa ambayo haikuwaka kwa kubonyeza swichi peke yake. Lilikuwa bomba la kioo lenye urefu unaozidi mita moja na upana wa sentimita 2.5 hivi, lililoning'inizwa darini kwa fremu ya chuma, na mnyororo mwembamba ukishuka kutoka upande mmoja. Mtu aliuvuta mnyororo, bomba likainama, na zebaki iliyotulia upande mmoja ikateleza kwa kijito chembamba mpaka ikagusa upande wa pili. Akauachia. Bomba liliporudi mahali pake, kijito kilikatika, na papo hapo bomba zima likajaa mwanga wa kijani uliochanganyika na buluu.

Aliyeifikisha taa hiyo sokoni ni Peter Cooper Hewitt, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1861 katika familia yenye mali na jina. Babu yake, Peter Cooper, alikuwa mwenye viwanda mashuhuri. Baba yake, Abram Hewitt, aliwahi kuwa meya wa New York. Maabara ya Hewitt ilikuwa ndani ya mnara wa jengo la Madison Square Garden. Aliionyesha taa yake kwa wahandisi wa umeme mwezi Aprili 1901, akapata hataza Septemba mwaka huohuo, na mwaka 1902 kampuni ya kuitengeneza ikaundwa kwa msaada wa George Westinghouse.

Kwa nini basi iinamishwe?

Tuanze na kinachotoa mwanga. Ndani ya bomba hakuna waya wa kuwaka. Hewa imenyonywa yote, na kilichobaki ni zebaki na mvuke wake. Umeme ukipita katika mvuke huo, elektroni hukimbia kutoka ncha hasi kwenda ncha chanya na njiani hugonga atomu za zebaki. Atomu iliyogongwa huchukua nishati, kisha huiachia ikiwa mwanga. Hilo likishaanza, huendelea lenyewe bila taabu. Ugumu wote uko mwanzoni, kwa sababu mvuke uliopoa haupitishi umeme, na zebaki iliyopoa haitoi elektroni.

Hewitt alilichunguza jambo hili kwa miaka. Aligundua kwamba uso wa zebaki upande wa ncha hasi una ukaidi wake: kuulazimisha uachie elektroni za kwanza kunahitaji volti elfu kadhaa, lakini ukishakubali, volti zisizofika 100 zinatosha kuiweka taa hai. Nyaya za majengo ya Marekani wakati huo zilibeba volti 110 hivi. Kwa umeme huo taa ingeweza kuendelea kuwaka, ila isingeweza kujiwasha.

Kuinamisha kulikuwa njia ya kuukwepa ukaidi huo. Zebaki ni metali, tena ndiyo metali pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida, na hupitisha umeme vizuri. Kijito kinapounganisha ncha mbili, umeme hupita ndani ya zebaki yenyewe bila kuhitaji mvuke. Kijito kinapokatika, mahali pa kukatikia hutoka cheche, na cheche hiyo huchemsha zebaki kidogo na kuacha doa dogo lenye moto mkali juu ya uso wa dimbwi. Elektroni hutoka kwenye doa hilo. Ukiitazama taa ya namna hii ikiwaka, utaliona doa lenyewe: nukta nyeupe inayong'aa kuliko sehemu nyingine yoyote, inayotangatanga juu ya zebaki bila kutulia hata kidogo.

Mimi hapa ndipo ninapouona uzuri wa kazi ya Hewitt. Zebaki ileile ndiyo swichi ya kuwashia, ndiyo ncha hasi, na ndiyo inayogeuka mvuke unaotoa mwanga. Tena haiishi. Balbu za wakati huo zilikuwa na uzi wa kaboni uliokuwa ukiliwa saa baada ya saa mpaka ukatike. Katika taa ya zebaki, kinachofukizwa kutoka kwenye dimbwi hupoa kwenye kioo, huwa matone, na hutiririka kurudi dimbwini. Ndiyo maana bomba lilifungwa likiwa na mteremko kidogo, upande wa dimbwi ukiwa chini. Ncha chanya ilikuwa kipande cha chuma tu, na nyaya zilizopenya kwenye kioo zilikuwa za platinamu, kwa kuwa platinamu hutanuka kwa joto karibu sawa na kioo na hivyo haikipasui.

Hewitt hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1860 John Thomas Way aliwasha taa ya zebaki kwenye daraja la Hungerford, London. Mwaka 1892 mwanafizikia Leo Arons wa Berlin alitengeneza taa iliyofanana zaidi na hii: bomba la kioo lililopindwa, zebaki ikiwa katika miguu yote miwili, mwenye kuiwasha akilitikisa ili zebaki igusane. Ilifanya kazi vizuri maabara, lakini haikutoka humo. (Arons mwenyewe alikuja kuzuiwa kufundisha chuo kikuu cha Berlin kwa sababu ya uanachama wake katika chama cha kisoshalisti, na sheria iliyotungwa kumlenga ikaitwa kwa jina lake.)

Taa ya Arons ilisumbuliwa na joto. Ukiipa zebaki joto jingi, mvuke huongezeka; mvuke ukiongezeka, kanieneo, yaani msukumo wa mvuke ndani ya bomba, hupanda na umeme hupata shida kupita, mpaka taa izime yenyewe. Mvuke ukiwa haba nao, atomu za kugongwa ni chache na mwanga hafifu. Kuna kiwango cha katikati, na ni chembamba. Hewitt alikitafuta kwa kupima bomba baada ya bomba, kisha akatengeneza kifaa cha kukilinda: upande wa zebaki, kioo kikapulizwa kikavimba kama kibuyu. Sehemu hiyo pana haikuwekwa kwa urembo. Ilikuwa chumba cha kupozea. Mvuke uliozidi ulikimbilia huko, ukakutana na kioo kilichopoa, ukarudi kuwa zebaki. Kiasi cha mvuke ndani ya bomba zima kilitegemea ukubwa wa chumba hicho, hivyo fundi wa kupuliza kioo ndiye aliyekuwa akiiwekea taa kipimo chake cha kudumu.

Kulikuwa na jambo jingine la kudhibiti, nalo mafundi wetu wa umeme wanalijua vizuri. Waya wa kawaida ukipitisha umeme mwingi hupata joto na ukinzani wake huongezeka, hivyo hujizuia. Mvuke hufanya kinyume: umeme ukizidi, chembe zenye chaji huongezeka, njia inazidi kuwa rahisi, na umeme unazidi tena. Bila kizuizi taa ingejiunguza ndani ya muda mfupi. Hewitt akaweka nje ya bomba resista ya kupunguza umeme, pamoja na koili ya waya uliozungushwa kwenye kiini cha chuma. Taa ikatulia kwenye ampea 3.5 hivi. Koili hiyo ilikuwa na kazi mbili, maana doa la moto likikosa umeme kwa kitambo kifupi mno hufa, na taa nzima huzima. Koili huhifadhi nishati kidogo na kuusukuma umeme uendelee pale unapotaka kukatika. Ni ukoo mmoja na choki, ile koili ya kudhibiti umeme unayoikuta nyuma ya tyubu, yaani taa ndefu nyeupe za dukani na darasani.

Kuvuta mnyororo hakukudumu kuwa njia pekee. Baadaye sumaku ya umeme ilifanya kazi ya kuinamisha, halafu zikaja taa zisizoinama kabisa: swichi ndogo pembeni ilikata ghafla umeme uliokuwa ukipita kwenye koili, na mkato huo ukazalisha msukumo wa volti nyingi kwa kufumba na kufumbua, za kutosha kuuvunja ule ukaidi wa zebaki. Anayejua stata ya tyubu, kile kifaa kidogo cha kuiwashia, inavyofanya kazi ataiona kanuni ileile.

Sasa tuje kwenye aibu ya taa hii, yaani rangi yake. Uzi wa balbu hutoa rangi zote zikiwa zimeungana, lakini atomu ya zebaki hutoa rangi chache tu, kila moja peke yake. Zile zinazoonekana kwa nguvu, zikipimwa kwa urefu wa wimbi la mwanga, ni urujuani wa nanomita 405, buluu ya 436, kijani ya 546, na manjano mbili zilizobanana kwenye 577 na 579. Nyekundu karibu haipo. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi karibu na nanomita 555, na kijani ya zebaki imeangukia jirani kabisa, ndiyo maana kwa umeme uleule taa hii iliangaza mara tatu au zaidi ya balbu ya uzi wa kaboni. Lakini ngozi ya mtu ina damu chini yake, na damu bila mwanga mwekundu huonekana nyeusi. Midomo iligeuka zambarau iliyokolea, mashavu yakawa na rangi ya maiti. Hakuna aliyetaka kula chakula cha jioni chini ya mwanga huo.

Hewitt alihangaika sana na hilo. Alijaribu kuichanganya taa yake na balbu za kawaida zilizokuwa na nyekundu ya kutosha. Alijaribu pia kuweka nyuma ya bomba kiakisi kilichopakwa rodamini, rangi inayomeza mwanga wa kijani na kutoa mwekundu. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, ila rodamini ilichuja haraka mbele ya mwanga mkali.

Taa ikaenda kule ambako rangi haikuwa hoja. Viwandani, katika vyumba vya wachora ramani za mashine, na mitamboni kwa wachapaji, bomba refu lilisambaza mwanga bila vivuli vikali na bila kuumiza macho. Wapiga picha ndio walioipenda kuliko wote. Filamu za enzi hizo ziliona buluu na urujuani, na nyekundu hazikuiona kabisa, kwa hiyo taa iliyofanya uso wa mtu utishe ilitoa picha nzuri za rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1903 kampuni ya filamu ya Biograph ilifungua studio mtaa wa 14, New York, iliyotegemea mabomba ya Cooper Hewitt badala ya jua. Kabla ya hapo watengenezaji filamu walipiga juu ya mapaa au ndani ya vyumba vya vioo, wakingoja mawingu yapite.

Kuna mwanga mwingine ambao taa ya Hewitt iliutengeneza kwa wingi na haikuutoa nje: urujuanimno wa nanomita 254, usioonekana kwa macho. Kioo cha kawaida huuzuia. Huko Hanau, Ujerumani, Richard Küch wa kampuni ya Heraeus alitengeneza bomba la kwatzi, madini angavu yanayopitisha urujuanimno, badala ya kioo, na mionzi hiyo ikapata njia. Taa za kwatzi zilitumika kuua vijidudu kwenye maji, na mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba zinaponya watoto wenye matege.

Jibu la rangi nyekundu lilitoka kwenye mwanga huohuo usioonekana. Tyubu za umeme zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1938 zina mvuke wa zebaki ndani, lakini kioo chake kimepakwa unga mweupe unaomeza urujuanimno na kutoa mwanga wa rangi zilizokaribiana na za mchana. Dimbwi halipo tena. Elektroni hutolewa na nyuzi ndogo zinazopashwa moto kwenye ncha mbili, na zebaki yote ni miligramu chache. Hata hizo chache ni sumu. Tyubu ikipasuka nyumbani, fungua madirisha, watoto watoke, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu badala ya ufagio unaotawanya vumbi. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya tyubu hizi ifikapo mwisho wa 2027.

Ule ukaidi wa zebaki nao ulipata kazi yake. Kwa kuwa elektroni hutoka kwenye doa la moto tu, na ncha ya chuma haitoi kitu, umeme ndani ya bomba huenda upande mmoja pekee. Kwa mwenye kutafuta mwanga hilo lilikuwa kero, maana umeme wa mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, uliizima taa. Ilibidi kuweka ncha chanya mbili zipokezane. Hewitt alipolitazama kwa jicho jingine, mwaka 1902, aliona kwamba ana kifaa cha kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu bila mtambo wa kuzunguka. Vifaa vya asili hiyo viliendesha treni na viwanda kwa miongo mingi. Mwaka 1954, Sweden ilipopeleka umeme kisiwani Gotland kwa waya wa chini ya bahari wenye urefu wa kilomita 98 hivi, megawati 20 kwa volti laki moja, vali, yaani vifaa vilivyoubadili umeme huo katika ncha zote mbili, zilikuwa za zebaki.