Mtu wa kujitolea katika huduma za dharura ni nani?

Wengi wakisikia "mtu wa kujitolea" huwaza kwanza kwamba halipwi. Ni kweli, lakini hilo halitoshi kueleza maana yake. Katika zimamoto, uokoaji na huduma ya kwanza, ni mtu aliyeandikishwa kikosini, akafundishwa, anajua anapokea amri kwa nani, na ameahidi kuitika akiitwa hata usiku wa manane. Mshahara hana, wajibu anao.

Anahitajika kwa sababu ya muda. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na mara nyingi gari la wagonjwa huwa bado liko njiani. Jirani anayejua kukandamiza kifua ndiye anayeweza kuushikilia uhai huo mpaka wahudumu wafike. Moto nao hausubiri, na ni vigumu kwa serikali yoyote kuweka askari wa kulipwa katika kila kijiji.

Nchini Chile, tangu kikosi cha zimamoto cha jiji la Valparaíso kiundwe mwaka 1851, kazi ya kuzima moto imekuwa ya kujitolea hadi leo. Ujerumani pia, wazimamoto walio wengi wana kazi zao nyingine. Wakiitwa, sheria inamtaka mwajiri awaachie waende.

Watu huwachanganya wanaojitolea wa aina hii na wale wanaokimbilia tu kwenye tukio. Tetemeko lilipoipiga Mexico City mwaka 1985, wananchi walifukua vifusi kwa mikono na kuwatoa watu wakiwa hai. Nauheshimu sana ujasiri ule. Hata hivyo, asiye na mafunzo anaweza kumvuta majeruhi mwenye uti wa mgongo uliovunjika akampoozesha, au jengo likamwangukia naye akawa wa kuokolewa. Baadhi ya wafukuaji wale walilijua hilo: wakajipanga kuwa kikosi, Topos de Tlatelolco, ambacho baadaye kilikwenda kuokoa watu hata nje ya Mexico.

Ninachosisitiza ni kwamba asiyelipwa bado ana gharama zake. Anahitaji buti na kofia ngumu, mazoezi ya mara kwa mara, na bima akiumia kazini. Pia anahitaji mtu wa kuzungumza naye siku aliyobeba maiti ya mtoto, kisha kesho yake akarudi kwenye kazi yake ya kawaida.