Uga wa Kukokotoa ni Dirisha, Si Ghala

Kila msimu wa korosho unapokaribia, makarani wa vyama vya msingi vya huku Masasi na Newala hunipigia simu kuhusu kanzidata zao, nami huwasikiliza kwa moyo mkunjufu mpaka nisikie sentensi ile: "Fundi, nimeshaweka uga wa kukokotoa kwenye mapokezi, kwa hiyo jina la mkulima na bei sasa vimehifadhiwa humo." Uga wa kukokotoa ni kisanduku cha jedwali ambacho thamani yake hutolewa na fomula badala ya kuchapwa, na mapokezi ni jedwali la mizigo iliyopokelewa. Wiki iliyopita nimeisikia kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na safari hii aliyeitamka ni mtu ambaye mwaka jana nilikaa naye kutwa nzima nikimwonyesha kwamba humo hakuna kilichohifadhiwa. Basi niandike, ili mwakani nimtumie kiungo.

Uga wa kukokotoa unaosoma jedwali lingine hauna mali yake. Fomu inapofunguliwa, uga huo hushika namba ya uanachama iliyo kwenye rekodi ya mapokezi, huchungulia jedwali la wakulima, kisha huonyesha ulichokikuta huko wakati huohuo. Katika FileMaker, programu ya kanzidata kama zilivyo Access na PostgreSQL nitakazozitaja, fomula inayogusa jedwali lenye uhusiano haiwezi kuhifadhiwa wala kuwekewa faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji), na ndiyo maana kutafuta kwa kutumia uga huo katika maelfu ya rekodi kunakuchosha. Katika Access, nyuga za kukokotoa za ndani ya jedwali, zilizokuja na toleo la 2010, haziruhusiwi kabisa kusoma jedwali jingine. Hivyo watu hukimbilia DLookup, amri ya kuchukua thamani kutoka jedwali jingine, kwenye fomu au kwenye hoja (swali linaloulizwa kanzidata), nayo hufanya utafutaji mpya kwa kila mstari. PostgreSQL nayo, tangu toleo la 12, inazo safu za kukokotoa, lakini fomula zake huishia ndani ya rekodi moja.

Kwa jina la mkulima, dawa ni nyepesi: uhusiano ukishakuwepo, weka uga wa jedwali la wakulima moja kwa moja kwenye fomu, au unganisha majedwali mawili katika hoja. Fomula ina kazi pale tu unapotaka kuunganisha majina matatu yawe jina kamili, na hata hapo katika Access utumie alama ya & badala ya +, kwa sababu kwa + jina la kati likiwa tupu, jina zima hupotea. Hilo tuliache.

Kinachoniudhi ni bei. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008, ulikuja na umbo lake la taarifa: mzigo unapimwa chamani, unasafirishwa hadi ghala kuu, unauzwa mnadani kwa bei ya siku hiyo, ndipo mkulima alipwe baada ya makato. Kwa maneno mengine, bei ni mali ya mnada. Lakini kanzidata ninazoitwa kuzitengeneza mara nyingi zina jedwali moja la vigezo lenye uga uitwao BeiYaSasa, ambao karani anaubadilisha kila baada ya mnada, na malipo ya mkulima ni fomula ya kuzidisha kilo kwa bei hiyo. Tuseme mkulima aliuza kilo 480 kwa shilingi 2,950, akaandikiwa shilingi 1,416,000 kabla ya makato. Mnada unaofuata bei ikawa shilingi 3,400, karani akaibadilisha, na yule mzee akirudi na karatasi yake skrini inasema 1,632,000. Mzee ataamini chama kimemla shilingi 216,000, na simlaumu, kwani kompyuta yenyewe imetoa ushahidi wa uongo dhidi ya karani mwaminifu.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kunakili bei ndani ya rekodi ya mapokezi mara mzigo unapouzwa. Siku hizi sina hakika hiyo. Bei ikinakiliwa kwenye rekodi 300 halafu igundulike kwamba ilichapwa vibaya, una makosa 300 ya kusahihisha. Ikikaa kwenye jedwali la minada, mstari mmoja kwa kila mnada, ghala na daraja la ubora, unasahihisha mara moja, na fomula inayoichungulia haina ubaya wowote kwa kuwa mnada wa zamani haubadiliki. Hata hivyo, kiasi kilichokwisha kupelekwa benki bado ninakihifadhi kama tarakimu tupu, nje ya fomula yoyote, kwa sababu hilo ni tendo lililofanyika, hata kama lilifanyika kwa makosa.

Kuna mtego mwingine ambao haupigi kelele. Mkulima mmoja huleta mizigo mingi, na ukiweka kwenye jedwali la wakulima fomula inayosoma kilo za mapokezi, FileMaker itakupa rekodi ya kwanza yenye uhusiano na kunyamaza. DLookup nayo hurudisha thamani moja tu, na usitegemee itakuwa ya mzigo upi. Tumia Sum (FileMaker) au DSum (Access), zinazojumlisha mizigo yote, kisha ulinganishe jumla na daftari la mizani kwa wakulima watano kabla ya kumwonyesha mwenyekiti.

Linalonisumbua mpaka leo ni jina lenyewe, nililolipita juu kwa haraka. Huku kwetu chama kimoja kinaweza kuwa na akina Mohamedi ishirini, na majina husahihishwa kila mara ili yalingane na akaunti ya benki. Jina likisomwa kwa uhusiano, stakabadhi ya zamani ikichapwa upya itatoka na jina jipya, na mkaguzi aliyeshika nakala ya kwanza ana haki ya kuuliza ni nani huyu. Nimejaribu kunakili jina nikaishia na tahajia nne za mtu mmoja. Kwa sasa ninaliacha lisomwe kwa uhusiano, nachapa namba ya uanachama kwa herufi kubwa kuliko jina, na majina ya awali nayaweka kwenye jedwali la pembeni pamoja na tarehe yalipobadilishwa.