Kichwa cha gia: alumini, titani au zinki?

Nakereza metali kwa kazi. Katika vitu vyote ninavyoletewa na wapenda magari ya kispoti, hakuna kinachozua ubishi kama kichwa cha gia, yaani pale juu ya leva ambapo kiganja kinakaa. Ubishi huwa ni wa mng'ao na rangi. Kwangu metali ya kichwa cha gia inapimwa kwa mambo mawili tu: uzito inaoupa leva, na kasi yake ya kupitisha joto kwenye ngozi. Ukiangalia historia ya Type R, magari ya Honda yaliyotengenezwa kwa ajili ya kasi, utaona mambo hayo yakivutana tangu mwanzo.

NSX Type R ya mwaka 1992 ilipunguzwa uzito karibu kila mahali, ikapewa kichwa cha titani. Integra Type R ya 1995 ikafuata, kisha Civic Type R ya 1997, ile yenye msimbo wa EK9. Husemwa kuwa titani iliwekwa kwa ajili ya wepesi. Sikubaliani. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, ya alumini gramu 2.7. Anayetafuta wepesi tupu hapiti kwenye titani; Porsche walipoutaka kwenye 917 yao ya mashindano, waliweka kichwa cha mbao ya balsa.

Chukua mpira wa metali uliojaa ndani, wa kipenyo cha milimita 50, kabla ya kuutoboa tundu. Wa alumini utakuwa na gramu kama 177, wa titani 295, wa aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki takriban 430, wa chuma kisichoshika kutu 520, na wa shaba ya njano unapita 550. Titani imekaa katikati, na hapo ndipo ninapopapenda.

Uzito una kazi gani? Unapoingiza gia, leva inakutana na ukinzani mara mbili. Kwanza kuna springi na gololi zinazoishikilia gia mahali pake, halafu zinakuja pete za sinkronaiza zinazolinganisha mizunguko kabla meno hayajashikana. Kichwa chenye uzito kikishaanza kwenda kinaendelea kwenda, kinasaidia kuvuka vikwazo hivyo, na mkono unahisi gia imeingia kwa ulaini. Chepesi mno kinakufanya usikie kila kigugumizi cha giaboksi. Uzito pia hupunguza ule mtetemo mwembamba unaopanda kupitia leva injini ikizunguka kwa kasi. Lakini ukizidisha, mkono unaanza kubishana na uzito wenyewe kila unapogeuza mwelekeo, hasa kutoka gia ya pili kwenda ya tatu kwa haraka. Vile vichwa vya nusu kilo vinavyouzwa madukani siwashauri watu wa gari la kila siku.

Kwenye Type R nyingi za miaka ya 2000 Honda wakahamia alumini. Alumini inakerezwa haraka, haili visu vya mashine, na gharama yake haifanani hata kidogo na ya titani. Ila wepesi ule ulikuwa na madhara yake. Civic Type R yenye msimbo wa FK8 ilitoka mwaka 2017 na mpira wa alumini. Ilipofanyiwa marekebisho ya 2020, kichwa kilibadilishwa umbo kikawa kama tone la maji, na ndani yake wakaficha kipande cha uzito cha gramu 90. Yaani kampuni iliyoanza na titani, ikashuka kwenye alumini, ikaishia kurudisha gramu kwa mlango wa nyuma. Sihitaji ushahidi mwingine kwamba uzito una maana.

Joto nalo lina hesabu yake. Gari likiegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa, vichwa vyote hufikia joto linalokaribiana, viwe vya metali au plastiki. Tofauti ni jinsi kila kimoja kinavyolimwaga kwenye ngozi. Kichwa kikiwa na nyuzi 65 na ngozi nyuzi 34, sehemu inayogusana kwenye alumini hufika kama 63 papo hapo. Kwenye aloi ya titani ya kawaida ni karibu 58. Kwenye plastiki haivuki sana 44. Hivyo titani ina nafuu, lakini anayekuambia haiunguzi anakudanganya. Ndiyo maana magari mengi hutoka kiwandani na kichwa kilichovikwa ngozi pale kiganja kinapogusa, metali ikabaki kama pete au kifuniko cha juu. Kwa hali ya hewa ya pwani, huo ndio mpangilio wenye akili.

Pete na vifuniko hivyo, mara nyingi, si alumini kama vinavyoonekana. Vingine ni plastiki iliyopakwa kromu, vingine ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Aloi hiyo huyeyuka chini ya nyuzi 400, inajaza kila kona ya kalibu, kisha hupakwa nikeli na kromu juu. Jasho na hewa ya chumvi vikipenya kwenye mkwaruzo, utaona vipele vikivimba chini ya mng'ao. Mwenye mzio wa nikeli naye ataanza kuwashwa kiganja kromu ikishalika. Titani haina shida hiyo.

Usitegemee sumaku kuzitofautisha: alumini, titani, zinki na shaba zote haziishiki. Pima uzito kwenye mizani, kisha tumbukiza kwenye maji yaliyojaa pomoni upime yaliyomwagika. Gawanya gramu kwa mililita. Ukipata karibu 2.7 ni alumini, 4.5 titani, 6.6 zinki. Kiwe metali peke yake, bila ngozi wala plastiki ndani, la sivyo hesabu inapotoka.

Ugumu wa titani kwenye mashine ni kwamba joto la ukataji halisambai, linabaki kwenye ncha ya kisu. Unakwenda polepole, unamwaga kipoozi kwa wingi, na kisu bado kinakufa mapema. Ford wameikwepa njia hiyo: Mustang Dark Horse ya 2024 yenye gia za mkono ina kichwa cha titani kilichochapwa kwa printa ya metali, cha rangi ya buluu. Buluu ya titani huweza kupatikana bila rangi yoyote kupakwa, kwa kukuza utando mwembamba wa oksidi kwa umeme. Unene wa utando ndio unaoamua rangi ya mwanga unaorudi jichoni.

Kama umepata kichwa cha titani cha EK9 kutoka Japani na unataka kukifunga kwenye gari lingine, angalia hesi kwanza, yaani mikato ya skrubu inayokishika kwenye leva. Honda ni M10 kwa 1.5: kipenyo cha milimita 10, na milimita 1.5 kutoka mkato mmoja hadi mwingine. Nissan, Mazda na Mitsubishi kwa kawaida ni M10 kwa 1.25, Toyota na Subaru M12 kwa 1.25. Cha Honda kwenye leva ya Nissan kitaanza kuingia kisha kigome. Ukilazimisha, unaharibu hesi ya leva, kwa kuwa titani haitakubali kushindwa. Mletee fundi akukerezee kiunganishi.