Mtoto wa mieleka na msimu usiokwisha: maswali ya wazazi wa Mombasa

Mwanangu ana miaka 12, anacheza mieleka mwaka mzima. Kuna ubaya?

Upo. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri mtoto apumzike na mchezo wake siku moja au mbili kila wiki, na miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka. Miezi hiyo si lazima ifuatane. Shule za sekondari za huko huanza mieleka kama Novemba na kumaliza Februari au Machi. Balaa ni vilabu vinavyodaka mtoto hapohapo na kumuendeleza mpaka msimu mwingine.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Jumatatu hadi Ijumaa shule, Jumamosi na Jumapili madrasa, jioni mazoezi. Wikendi hapo ni jina tu. Kaa na kocha mchague siku ambayo mtoto hagusi mkeka kabisa.

Nitajuaje kama amechoka kupita kiasi, au ni uvivu tu?

Neno uvivu liweke kando kwanza. Tazama usingizi, hasira za ghafla, alama za shule, mafua yasiyoisha, visingizio kila saa ya mazoezi ikikaribia.

Mpime mapigo asubuhi kabla hajainuka kitandani: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Fanya hivyo wiki moja akiwa mzima, ujue kawaida yake. Yakipanda siku kadhaa mfululizo, mpumzishe. Si kipimo cha hakika, na hapa Pwani uchovu waweza kuwa malaria au upungufu wa damu, kwa hiyo apimwe pia.

Kocha anataka apunguze kilo mbili kabla ya shindano.

Kataa. Novemba na Desemba 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu Marekani walikufa wakijikamua jasho kwenye joto, wamevaa nguo zisizopitisha hewa. Sheria za uzani zikabadilishwa. Sasa fikiria mtoto aliyevishwa nailoni Mombasa mwezi wa Februari, joto la kaskazi limekaba! Acheze uzani alio nao.

Na Ramadhani?

Mimi ningeufanya huo kuwa mmoja wa miezi ya mapumziko. Mnaona lazima aende? Basi baada ya futari, mazoezi mepesi, na maji ya kutosha mpaka daku.

Si atasahau mchezo?

Hasahau. Aende akaogelee, acheze kandanda na wenzake mtaani, bila kocha wala medali.

Lini nimpeleke hospitali?

Kiungo kikiuma zaidi ya wiki mbili, au mara moja kikivimba. Msichana aliyekwisha vunja ungo akikosa hedhi miezi mitatu, asiachwe kwa kudhani ni mazoezi tu. Na mtoto akianza kusema hana haja ya kuishi, nendeni siku hiyohiyo.