Tazama pale rangi zinapokutana

Wageni wetu wengi hapa Arusha wakifika mbele ya mchoro wa dhahania, yaani usioonyesha kitu halisi, huuliza, "Sasa hiki ndiyo nini?" Siwalaumu. Wamezoea Tingatinga, ambako chui ni chui na ndege ni ndege. Mimi huanza kwa kuwakumbusha gereji za mtaa wa Unga Limited.

Fundi rangi akitaka mstari ulionyooka kwenye bodi ya gari hubandika maskin tepu, utepe wa gundi wa kuzuia rangi, hupuliza rangi, kisha huibandua. Mstari unabaki mkali kama wembe. Ndivyo alivyoanza Sean Scully, mchoraji aliyezaliwa Dublin mwaka 1945 na kukulia London. Mwaka 1969 alikwenda Moroko, akavutiwa na mistari ya mahema na vitambaa vya huko. Michoro yake ya miaka ya 70 ikajaa mistari, mingi ya tepu. Safi mno, kwa macho yangu, mingine ina ubaridi wa vigae.

Mwaka 1975 alihamia New York. Kufikia 1981, alipochora Backs and Fronts, kazi yenye upana wa karibu mita 6, tepu alikuwa ameiweka kando. Mistari ilibaki, ila sasa aliichora kwa mkono, kwa brashi pana, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka, kwa hiyo brashi ikipita huzoa kilichoko chini: nyeupe inaingia ukijivu, nyekundu inabeba weusi. Ukisogea karibu unaona michirizi ya nywele za brashi, na unajua mkono ulikaza wapi na ulilegea wapi. Kwenye mwanya kati ya mstari na mstari, rangi ya chini inachungulia, na mara nyingi siyo uliyoitarajia.

Wapo wasemao mistari haina hisia. Mwaka 1983 Paul, mwana wa Scully, alifariki katika ajali ya gari akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata Scully alichora mchoro mkubwa wa mistari, akauita Paul. Hakuna sura ya mtu ndani yake.

Juzi mwanafunzi mmoja wa sekondari aliikodolea macho picha ya mchoro mmoja wa Scully niliyoichapisha, kama dakika tano hivi, bila neno. Kisha akaweka kidole pale nyeusi inapogusana na njano. "Mwalimu, hapa alikuwa na haraka."