Hana ni ua, hana ni pua, hana ni moja

Ukikaa kuangalia katuni za Kijapani haipiti nusu saa hujamsikia mtu katoa macho anapiga kelele "nani?!", na wewe uko zako Mwanjelwa, Mbeya, unashangaa anamuulizia nani, kumbe mwenzio anauliza "nini". Hili swali la kwa nini maneno ya lugha za mbali yanafanana na yetu naulizwa sana kwa sababu kazi yangu ni kamusi na tahajia za lugha zetu za huku nyanda za juu kusini, na watu wanadhani mtu wa kamusi ana siri kafungia kabatini, kwamba labda hapo kale Waswahili na Wajapani waliwahi kuwa ukoo mmoja. Hamna bana.

Mi neno langu hasa sio nani, ni hana. Kwetu hana ni hana, hana hela, hana simu, hana hili wala lile. Kwa Kijapani hana ni ua, na kuna hana nyingine ni pua, na hizo mbili ukizitamka zenyewe hata Mjapani wa Tokyo anakwama, mpaka uongeze kijineno kinachofuata ndo sauti inashuka kama ni ua, inabaki juu kama ni pua. Kikorea hana ni moja, ile ya kuhesabu. Kihawaii hana ni kazi. Herufi nne, lugha nne, maana tano, kila mtu na lake.

Sasa kwa nini? Kwanza ni hesabu tu. Nyingi kati ya hizi ni lugha zinazopenda silabi nyepesi, konsonanti moja irabu moja, ha-na, na-ni, mi-mi (mimi kwa Kijapani ni sikio, kwa Kihawaii ni kukojoa, tuyaache). Chukua konsonanti 12 na irabu 5 unapata silabi 60, kwa hiyo maneno ya silabi mbilimbili yanayowezekana ni 3,600, basi. Sema lugha mbili kila moja imejichotea 600 humo bila kumwangalia mwenzake, kwa kubahatisha kabisa yatagongana kama 100. Na Kihawaii chenyewe kina konsonanti 8 tu, hapo utakwepaje.

La pili ndo watu hawalifikirii kabisa. Kufanana huku ni kwa maandishi, na maandishi ni ya juzijuzi. Mjapani na Mkorea nyumbani kwao hawaandiki "hana" kwa hizi herufi zetu, wana zao. Waturuki walikuwa wanaandika kwa herufi za Kiarabu mpaka 1928, ndo wakahamia Kilatini, kwa hiyo "ana" yao ambayo ni mama, na "sana" yao ambayo ni "kwako wewe", zimeanza kufanana na zetu kwenye karatasi kuanzia hapo. Na sisi pia Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne, hizi za Kilatini wamekuja nazo wamisionari na serikali za kikoloni, halafu tahajia moja ya wote ikasimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930. Yaani mmevalishwa sare moja ndo mnaulizana mbona tunafanana.

Ila sio kila kufanana ni bahati, na hapa ndo napenda pakuchezea. Vuka mto Songwe pale Kasumulu uingie Malawi, kwa Kichewa "ana" ni watoto. Mtu wa haraka anasema hii hapa, Kibantu kwa Kibantu, ana yetu na ana yao ni ndugu. Sio! Ana yetu imeungwa, a- ya yeye na -na ya kuwa na kitu, ana gari, na ukiikanusha inakuwa ile ile hana yetu. Ana ya Kichewa ndugu yake ni wana. Unajuaje? Kwa sababu haiko peke yake, sisi tunasema watu wao wanasema anthu, sisi wana wao ana, pale kwetu penye wa- ya watu wengi kwao mara nyingi ni a-, na mtoto mmoja kwa lugha zote mbili ni mwana. Neno moja linaweza kukudanganya, safu nzima ya maneno ni ngumu kukudanganya.

Kilingala ndo kimezidi. Sisi tunaocheza muziki wa Kongo bila kuelewa tunasikia "moto" kila saa. Moto ni mtu (wengi wao bato, yaani watu). Ukipandisha sauti mwishoni ni kichwa. Ukifungua mdomo zaidi kwenye hizo "o" ndo moto wa kuunguza kama wetu. Kwenye meseji vyote vinaandikwa moto. Huo wa kuunguza ni ndugu wa moto wetu kweli, ila yule mtu ni ndugu wa mtu wetu, na kwa maandishi huwezi kuwatenganisha.

Hapo ndo mnielewe ninavyowasumbua watu wa Kyela na Tukuyu. Kinyakyusa hakina toni, yaani kupandisha au kushusha sauti hakubadilishi maana ya neno, sawa, ila kina irabu saba, sio tano, na zile mbili za ziada kwenye vitabu zinaandikwa kwa i na u zilizopigwa mstari katikati. Kwenye simu nani ana muda wa kutafuta kimstari? Wanaandika i na u za Kiswahili, wanaelewana, ila maneno mawili yanajikuta moja na mi kwenye kamusi inabidi nimuombe mtu anitamkie.

Mashine za kutafsiri nazo zinahangaika hivyo hivyo. Iandikie "hana" tupu uone, inaweza kukupeleka hata Tokyo. Andika "hana hela" inarudi nyumbani.