Nailoni haizuii kutu

Masika ya Dar es Salaam hushika kati ya Machi na Mei. Yanapokaribia, wenye karakana za nyumbani huviringisha patasi na randa kwenye nailoni, wakiamini kutu haitapata njia. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na inaharibu vifaa vizuri.

Chuma hakihitaji kunyeshewa ndipo kishike kutu. Unyevu wa hewa unatosha. Ukizidi takriban asilimia 60 kutu huenda kasi, na hapa pwani huzidi mara nyingi, tena hewa ina chumvi ya bahari. Ukifunga patasi mchana, umeufungia unyevu huo ndani. Usiku chuma kikipoa, unyevu hugeuka vitone kwenye makali, na havina pa kutokea. Ifungue alfajiri uvione.

Kinachosaidia ni mafuta. Futa chuma kwa kitambaa kikavu (jasho la mikono nalo lina chumvi), kisha paka oili nyepesi ya mashine, utando mwembamba tu. Oili chafu ya gari usiiguse, ina asidi. Vifaa vitundike ukutani hewa ipite. Sakafu ya saruji hupandisha unyevu kutoka ardhini.